Jamvi Juu ya Majani ya Nili

Siku aliyofariki Bakhtawar, wanaume thelathini na wanne waliondoka msibani wakiwa na makalio ya buluu. Sobharo, mumewe, aliwahesabu. Hakuwa na nia ya kuhesabu, ila macho yalikwenda yenyewe, kama ulimi unavyokwenda kwenye jino linalouma. Wageni walisimama kwa ajili ya magharibi, wakajipangusa vumbi, wakashika njia ya msikitini, na karibu kila suruali nyeupe ilikuwa na doa nyuma, pana kama sinia, lenye rangi ya wino uliomwagiwa maji.

Aliinua pembe ya jamvi alilokalia tangu adhuhuri. Chini yake palikuwa na majani, yametandazwa vizuri, unene wa kiganja. Asubuhi yalikuwa ya kijani, yamesimama wima kama majeshi. Sasa yalikuwa yamelegea na kuiva kama jeraha, na kila palipokuwa na goti au kiwiko au kalio, palikuwa na mchubuko mweusi wa buluu.

"Kaka Khamiso," aliita.

Khamiso, kaka yake mkubwa, alikuwa akikusanya vikombe vya chai. Alikuja mbiombio. Tangu asubuhi alikuwa akikimbia huku na huku. Ndiye aliyekodi gari, ndiye aliyesimamia kaburi, ndiye aliyeazima majamvi msikitini.

"Nani ametandaza majani haya?"

"Mimi, mdogo wangu. Ardhi ilikuwa inaunguza kama kikaango. Wazee wangekaa wapi? Nikayaona majani yamelala bure chini ya mwarobaini, nikasema basi yawe godoro. Leo nani atajaza hodhi ya rangi?" Akashusha sauti kwa upole. "Marehemu mwenyewe angependa wageni wake wakae pazuri."

"Marehemu mwenyewe..." Sobharo alianza. Akaishia hapo. Akateremsha pembe ya jamvi, akakaa tena juu yake, kwa sababu mgeni mwingine alikuwa ameshafika, ameshavua viatu, ameshainua viganja kwa Fatiha.

Asubuhi ile Bakhtawar alikuwa ameamka kabla ya adhana. Alikwenda kishamba cha mferejini na binti yao Rabel na wanawake wanne wa jirani, wakakata nusu ya mnili, mmea wa rangi ya buluu, wakaubeba kwenye shuka zao bila kuubana, wakauweka kivulini kando ya hodhi. Saa moja na nusu alitakiwa awe darasani. Alikuwa mwalimu wa biolojia katika sekondari ya wasichana, mwaka wa kumi na saba huo. Akakaa kwenye ukingo wa hodhi ili aoshe miguu. Akashika kichwa.

"Ni kama mtu amenipigilia msumari," alisema.

Walimlaza kwenye kitanda cha kamba. Sobharo akapiga simu kutafuta gari, akarudi, akapiga magoti pembeni yake. Bakhtawar akafungua jicho moja, akamtazama vile alivyozoea kumtazama mwanafunzi aliyekuja bila daftari, akasema, "Mwambie shemeji asikalie majani."

Hakusema kingine. Gari lilikuwa halijafika barabara kuu alipokata roho.

Sobharo hakumwambia mtu maneno hayo. Angemwambia nani? Watu huuliza marehemu alisema nini mwishoni, nao hutarajia shahada, au jina la mtoto, au angalau maji. Hawatarajii karipio kuhusu majani. Kwa hiyo kila alipoulizwa alisema, "Alinyamaza." Naye shemeji mwenyewe, kabla ya adhuhuri hiyo, alikuwa ameshamwaga mzigo mzima wa majani chini na kuyasawazisha kwa miguu.

* * *

Kwao mfiwa hukaa juu ya jamvi siku tatu. Haondoki, isipokuwa kwa swala na haja. Mtu aliyetoka mbali akikuta nafasi yake wazi, hiyo ni aibu ya ukoo mzima. Mgeni hufika, huinua viganja, wote huinua viganja, hupangusa nyuso, kisha mgeni huvuta pumzi na kuuliza: "Ilikuwaje?"

Basi mfiwa hueleza. Akimaliza, huingia mgeni mwingine, viganja juu, nyuso, pumzi. "Ilikuwaje?"

Siku ya pili hadi saa nne Sobharo alikuwa ameeleza mara kumi na tisa. Aligundua kwamba masimulizi yanapungua kadiri yanavyorudiwa. Mara ya kwanza palikuwa na hodhi, na miguu iliyolowa, na msumari kichwani. Mara ya kumi na tisa palikuwa na: "Kichwa kilimuuma, akafa." Mgeni wa kumi na tisa aliona kama amepunjwa.

"Hivihivi tu?" aliuliza.

"Hivihivi tu, ami."

Hapo ndipo Khamiso alipoanza kusaidia. Khamiso hakuweza kumwacha mgeni aondoke na njaa, iwe njaa ya wali au ya habari. "Alisema shahada," aliingilia. "Wazi kabisa." Saa sita mchana Bakhtawar alikuwa amesema shahada mara tatu. Baada ya adhuhuri alikuwa ameelekea kibla mwenyewe bila kusaidiwa. Wakati wa alasiri alikuwa ametabasamu.

Sobharo alitazama mikono yake. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mke wake alikuwa na maneno ya wawili. Yeye aliishia darasa la kumi, na sayansi alifeli. Sayansi aliyokuwa nayo aliipata mezani. Hukuweza kula tango na Bakhtawar kwa amani. Angelinyunyizia chumvi, angengoja, angekuonyesha maji yanavyotoka: "Unaona? Vakuoli inamwaga maji yake." Ukileta figili zilizonyauka kutoka sokoni, angezitia kwenye bakuli la maji, na baada ya saa angekuja kukugonga bega kwa figili moja, ngumu kama mti. "Unaona? Imejaa tena." Miaka ishirini na mbili. Kuna jioni moja Sobharo alimwambia, "Mwanamke, niache nile bamia yangu bila vakuoli." Akacheka, akaendelea kueleza.

Na nili ilikuwa ndiyo kichaa chake kikubwa. Kishamba cha mferejini kilikuwa cha ndugu hao wawili kwa urithi, na kwa miaka yote kililimwa pamba. Bakhtawar aliomba apewe miaka mitatu apande nili. Mwaka wa kwanza hodhi ilinuka hadi majirani wakalalamika, ikatoa tope. Mwaka wa pili ilitoa rangi, lakini dhaifu, kama anga lenye vumbi. Mwaka huu wa tatu ndio ulikuwa wa mwisho. Fundi Sumar, mpigaji chapa wa shali za ajraki katika mji wa pili, ambaye kazi ya mikono yake iko mabegani mwa nusu ya wilaya, alikuwa amekubali kuijaribu. Kama nili ya Bakhtawar itashika kwenye kitambaa chake, atainunua kila msimu, na shamba litabaki la nili. Isiposhika, Khamiso ataleta plau. Walikubaliana hivyo mbele ya Sobharo, na Khamiso, kusema kweli, aliheshimu ahadi yake. Kila mwaka alileta mbolea. Kila mwaka alikalia majani.

* * *

Fundi Sumar alikuja alasiri hiyohiyo ya siku ya pili. Alikuwa mzee mwembamba mwenye kucha za rangi mbili, nyekundu ya kutu na nyeusi. Aliinua viganja. Hakuuliza ilikuwaje. Alichukua jani moja lililochomoza kwenye ukingo wa jamvi, akalisugua kwa vidole, akalinusa, akalitazama dhidi ya mwanga.

"Hii ilikuwa hodhi nzima," alisema.

"Ndiyo, fundi."

"Sasa ni nyasi."

"Ndiyo, fundi."

"Nguo zangu nimeshazipiga chapa. Zimelala dukani zinangoja buluu. Nilimwahidi mwalimu nitangoja mpaka Jumamosi." Alilirudisha jani mahali pake kwa uangalifu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu. "Jumamosi nikikosa, nafungua kopo la rangi ya dukani kama kawaida. Si kwa ubaya, Sobharo. Nguo iliyotiwa dawa haingoji."

"Najua."

"Shambani hakuna kitu?"

"Ipo nusu."

"Basi?"

Sobharo alionyesha jamvi, watu, vikombe, viatu thelathini vilivyopangwa. Fundi Sumar akatikisa kichwa, akainua viganja tena, akaenda.

Khamiso alikuwa amesikia. Akajisogeza. "Mdogo wangu, usijitese. Tukishaanua tanga nitaleta trekta. Mbegu za pamba ninazo. Mwenyewe hayupo, nani atahangaika na maji yanayonuka? Wewe?"

Hakusema kwa chuki. Angesema kwa chuki ingekuwa afadhali, mtu angepata pa kushika.

Kabla ya magharibi Rabel alimwita baba yake kwenye mlango wa ua wa wanawake. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na macho yake yalikuwa yamevimba, lakini sauti ilikuwa ya mama yake tupu.

"Baba, nimepita shambani. Matumba yanafunguka."

"Mangapi?"

"Sikuhesabu, baba, si mitihani! Ya chini yote. Kesho yote. Yakishachanua, mmea unakula akiba yake wenyewe, hodhi itatoa maji ya chai. Mama alisema hivyo kila siku. Ulikuwa husikilizi?"

"Nilikuwa nasikiliza."

"Basi kesho alfajiri ndiyo mwisho. Wanawake wote wa jirani wako kwenye hitima, siwezi kuwatoa. Nitakata peke yangu."

"Huwezi kukata peke yako."

"Na wewe huwezi kuondoka kwenye jamvi," Rabel alisema. "Sasa?"

Sobharo aligeuka. Alirudi akakaa. Majani yaliyokufa yalifanya *kwashi* chini yake.

* * *

Alikuwa hajakaa vizuri alipofika mzee mmoja wa ukoo wa mbali, mwenye kilemba kikubwa, ambaye alikuwa amepanda mabasi matatu. Alikaribishwa katikati. Viganja juu. Nyuso. Pumzi.

"Ilikuwaje, mwanangu?"

"Ah, mzee wangu," Khamiso alidaka. "Kifo cha watu wema. Alisema shahada mara tatu, akaelekea kibla, akatabasamu, na mahali pote pakanukia miski—"

"Hapana," Sobharo alisema.

Sheikh wa msikiti akaacha kuhesabu tasbihi.

"Mdogo wangu amechoka," Khamiso aliwaeleza wageni.

"Nimechoka, kaka, tena sana. Nimechoka na hiyo miski. Hapakunukia miski, palinukia tope la hodhi. Unataka kujua alisema nini mwisho? Siku mbili nimekuficha kwa kukuheshimu, wewe ni mkubwa wangu. Alisema: 'Mwambie shemeji asikalie majani.'"

Mtu nyuma alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

"Majani gani?" aliuliza mzee wa kilemba.

"Hayo uliyokalia, ami."

Mzee alijiinua kwa mkono mmoja, akachungulia nyuma yake. Kila mtu akajichungulia. Khamiso peke yake hakujichungulia. Alikuwa amesimama na birika la chai mkononi, mdomo wazi.

"Lakini ni majani tu," alisema mwishowe. "Mbuzi wanayakanyaga kila siku. Jani likikaliwa linapungukiwa nini?"

Na hilo ndilo swali ambalo Bakhtawar alilijibu kila msimu kwa miaka mitatu, akiwa amejishika kiuno, na Khamiso alikuwa akisema "Ndiyo, mwalimu," huku akitafuta pa kukaa. Sobharo akasogea mbele.

"Sikiliza, kaka. Sikilizeni nyote, na mnisamehe, kwa sababu sitaeleza tena ilikuwaje, nitaeleza hili." Alichomoa jani kutoka chini ya jamvi. "Jani hili limejengwa kwa vyumba. Vidogo, huwezi kuviona, maelfu kwa maelfu. Kila chumba kinaitwa seli. Sasa fikiria chumba ambacho mtungi wa maji umekijaza karibu chote, hata wenye nyumba wanapita pembeni wakijibana ukutani. Mtungi huo ndio vakuoli. Ukiwa umejaa, unasukuma kuta, jani linasimama. Maji yakipungua, jani linalegea, kama mnavyoona mboga sokoni jioni."

"Figili," alisema mtu.

"Figili, ndiyo. Lakini mtungi si wa maji tu. Ni ghala. Mmea huweka humo chumvi, uchungu, uchafu wake, rangi za maua, kila kitu usichotaka kizagae nyumbani. Na huu wa nili unaweka humo kitu kimoja kisicho na rangi. Kimefungwa na sukari, kimetulia. Ufunguo wa kukifungua uko nje ya mtungi, chumba hichohicho, mkono kwa mkono, lakini havikutani. Mtungi ukiwa mzima, havikutani hata siku moja."

"Kama wake wenza," alisema sheikh, ambaye alikuwa nao wawili.

Watu walicheka, hata Sobharo nusura.

"Sasa ukilizamisha jani zima kwenye maji, taratibu, mtungi unavuja humohumo majini. Ufunguo unafungua, kile kitu kinatoka kwenye jani, kinaingia kwenye maji ya hodhi. Baadaye tunayapiga maji yapate hewa, ndipo buluu inazaliwa, na tunaichota. Lakini ukilikalia jani nchi kavu, kaka, umevunja mitungi yote kwa mpigo. Vimekutana, hewa ipo, buluu imezaliwa humo ndani ya jani. Na buluu ikishazaliwa haiyeyuki majini. Haitoki. Huwezi kuichota. Imekwenda wapi? Geuka uangalie suruali yako."

Khamiso aligeuka, akavuta kitambaa cha nyuma kwa mkono uliokuwa wazi, akatazama. Chai ilikuwa ikidondoka kutoka kwenye mdomo wa birika, tone tone.

"Miaka mitatu," alisema polepole, "nilidhani anakataa kwa sababu ya heshima. Kwamba kukalia kitu cha mtu ni dharau. Nikawa nakaa pembeni, padogo."

"Na padogo pia ni mitungi, kaka."

"Na yaliyobaki shambani?" aliuliza mzee wa kilemba.

"Yanachanua. Kesho jua likipanda, yamekwisha."

"Basi nenda ukakate! Umekaa hapa unafanya nini?"

"Ninakaa tanga, ami. Wewe umepanda mabasi matatu."

Mzee alimtazama kama mtu aliyetukanwa. Sheikh akajikohoza. "Tanga ni kukaa na mfiwa," alisema. "Kitabuni hakuna jamvi. Mfiwa akiwa shambani, tutakuwa shambani. Hitima tutaisoma saa nne badala ya saa mbili. Nani ana mundu?"

* * *

Alfajiri walikuja arobaini na kitu, na Sobharo akajuta kusema.

Walikuwa wakulima wa pamba, na mkulima wa pamba hajui kukata chochote bila kukionea. Walikata chini mno. Walitupa matita kama kuni. Wawili walianza kushindana. Mzee wa kilemba, aliyeambiwa apumzike, alipumzika juu ya tita.

"Ami! Inuka!"

"Nimekaa kidogo tu, pembeni—"

"Mitungi, ami!"

"Allah, mitungi," mzee alisema, akaruka kama aliyekalia nge.

Sobharo alikimbia mstari hadi mstari. Msiyabane. Msiyakunje. Weka, usitupe. Wewe, hilo jani si adui yako. Siku tatu alikuwa hajapandisha sauti, na sasa sauti ilikuwa imemkauka, na katikati ya kelele zake alitambua kwamba hata neno moja halikuwa lake. Yote yalikuwa ya Bakhtawar, hata "si adui yako", hata mikono kiunoni.

Kisha Khamiso akaleta tela. Alikuwa amejitahidi, alikuwa amelifagia, ametandika turubali safi. Walijaza majani hadi kingo, na nusu ya majani yalikuwa bado chini. Ndipo Khamiso akafanya alichofanya maisha yake yote na pamba, na bua, na nyasi za ng'ombe. Alivua viatu, akapanda juu ya mzigo, akaanza kuukanyaga ushuke.

Sauti iliyomtoka Sobharo iliwatisha ndege wa mferejini.

"Shuka! Shuka, kaka, nakuomba kwa jina la mama yetu, shuka!"

Khamiso aliganda, mguu mmoja hewani. "Nimevua viatu!"

"Hata ukivua miguu!"

"Sasa tutayafikishaje?" Khamiso naye alikuwa amechemka, usingizi ulikuwa mdogo, na aibu ya jana haikuwa imekauka. "Tela halitoshi bila kubana! Kukalia hapana, kukanyaga hapana, kukunja hapana! Unataka tuyabebeje? Tuyalaze kitandani tuyapandishe mabegani, kama maiti?"

Alipomaliza kusema alikuwa ameshajuta. Ilionekana usoni. Watu waliinamisha macho. Mundu mmoja uliendelea kukata mahali fulani, kisha nao ukanyamaza.

Sobharo alitazama jua. Lilikuwa limefika kwenye ncha za miwa ya jirani.

"Ndiyo," alisema. "Leteni vitanda."

Vilikuja vitanda sita vya kamba kutoka nyumba za karibu. Waliyalaza majani yakiwa wima, bila kuyabana, wanne wanne wakaingia chini ya pembe, wakainuka pamoja. Watu hawa hawakuhitaji kufundishwa kazi hii. Walijua kwenda hatua sawa, walijua kupokezana bega bila kutikisa, na kila aliyekuwa njiani alisogea pembeni na kupokea pembe kwa hatua chache, kama ilivyo desturi. Khamiso alibeba safari zote, pembe ya mbele kulia, na hakukubali kupokewa.

Hodhini Rabel alikuwa ameshafungua maji ya mfereji. Alisimama ndani hadi magotini, akipokea na kupanga. "Wima! Wima, ami Khamiso, si mchicha!" Kisha magogo juu, maji juu ya magogo, na jua lilipofika ukutani mwa hodhi halikukuta jani hata moja nje.

Hitima ilisomwa saa nne, kando ya hodhi, juu ya ardhi tupu. Iliunguza. Hakuna aliyelalamika.

* * *

Asubuhi iliyofuata Rabel alinusa maji, akaonja kwa ncha ya kidole, akatema, akasema bado. Baada ya saa moja akaonja tena, akasema sasa. Maji yalikuwa ya kijani cha manjano, na juu yake utando wa shaba. Waliyafungulia hodhi ya chini, na wanaume wanane wakaingia kuyapiga kwa miguu, Khamiso akiwa wa kwanza. Walipiga kwa saa tatu. Povu lilitoka kijani, likaingia buluu, na mwisho likawa jeupe na kupasuka lenyewe. Sobharo alikaa kwenye ukingo, mahali Bakhtawar alipooshea miguu. Alitaka kumwambia mtu kitu, hakukumbuka ni kitu gani.

Fundi Sumar alikuja Ijumaa, siku moja kabla. Aliuchota udongo wa nili uliotuama, akaupaka kwenye ukucha wa gumba, akausugua hadi ukang'aa kama shaba.

"Si mbaya," alisema.

Rabel akaanza kulia, kwa sababu mama yake alikuwa amemweleza kwamba Fundi Sumar hana sifa iliyo juu ya hiyo.

"Mara ya pili ongezeni chokaa kidogo," fundi aliongeza, akafunga ndoo. "Na mwaka ujao nitataka ndoo mbili."

Sasa ni mwaka wa tatu tangu siku ile. Plau haijaingia kishambani. Sekondari ya wasichana haijapata mwalimu mwingine wa biolojia, na kipindi hicho wasichana hufanyishwa hesabu. Rabel ndiye anayeonja maji. Majani hukatwa kabla ya jua, hubebwa kwa vitanda sita, na huwekwa chini ya mwarobaini kusubiri hodhi ijae. Khamiso huyalinda, na huja na kiti chake mwenyewe, cha plastiki, kutoka nyumbani.